Mutuonyeshe nota za hopitali: pesa ni yetu, na mwili ni wetu



Kila miezi 3, watu wanashuka kwenye kituo cha afya wakiwa na fishi na kalamu. Wanafungua rejista, wanaangalia kama maji iko, kama kabati ya dawa imepangwa muzuri, kama choo ni safi, kama takataka zinachomwa. Wanaandika nota. Nota ile inapanda ku zoni ya afya, inapanda ku jimbo, inafika kwa wenye kuleta pesa, na kufuata nota ile kituo kinapata primi kubwa ao ndogo. Ni kazi, hatukatai. Ila tuko na swali moja tu: wewe mwenye kulala kwenye kitanda kile, wewe mwenye kulipa mituweli kila mwaka, uliisha kuona nota ya kituo chako?

Sisi hatujaiona. Njo maana tunaandika.

USIKU MUMOJA, NA HESABU MBILI

Mumoja wetu ana yaya yake, mama wa watoto 2, mwenye alikuwa amelipa mituweli kwa ajili ya familia yote. Karatasi ya memba iko, picha imebandikwa, muhuri umegongwa. Siku ya kuzala ilipofika, alienda kwenye maternite yenye mituweli ilimuonyesha, hapana penye alijichagulia mwenyewe. Alifika saa mbili ya usiku. Muganga alikuwa mumoja kwa wamama 5. Saa nane ya usiku mutoto alizaliwa, muzima. Nyuma ya pale damu ikaanza kutoka na haikusimama. Muganga alikimbia ku friji kutafuta ile sindano yenye inafanya kizazi kijikaze. Friji ilikuwa imezimika toka siku 2 ju umeme ulikatika, na sindano haikubakia hata moja. "Mutume mutu ku farmasi, mbio!" njo neno alisema. Shemeji alitoka na mvua, akagonga ku farmasi 3. Ya tatu njo ilifungua.

Yaya alipona. Tunamushukuru Mungu, na tunamushukuru muganga yule mwenye hakukaa chini usiku muzima. Lakini damu yenye walimuongeza, familia njo ilijitafutia. Na alipopona, walimukatalia kutoka kwa siku 6, ju ya kipande cha fakture chenye mituweli haikukubali kulipa.

Sasa sikilizeni vile usiku ule uliandikwa. Kwenye raporo ya mwezi ya kituo: mama aliyezalishwa na mutu mwenye kusomea, 1, kifo cha mama, 0. Kwenye raporo ya mituweli: memba aliyetunzwa, 1, fakture iliyolipwa, 1. Friji haimo. Farmasi 3 hazimo. Siku 6 hazimo. Kwa karatasi, ule ulikuwa usiku muzuri.

Hatutaji kituo wala mituweli, ju hatutaki mutu aseme ni kisa cha kituo kimoja. Ulizeni kwenu, ku avenii yenu. Mutapata yaya mwingine, na usiku mwingine.

WANAPIMA NINI?

Tusiseme hewani. Hesabu za matunzo katika inchi yetu zinapita njia 3.

Njia ya kwanza ni raporo ya kila mwezi. Kituo kinajaza, zoni ya afya inakusanya (na Congo iko na zoni za afya 519), kisha zinaingizwa katika programu inaitwa DHIS2. Pale utaona wamama wangapi walipimwa mimba, wangapi walizala ku kituo, watoto wangapi walipata chanjo. Ni hesabu ya watu wenye walipita mulangoni.

Njia ya pili ni ile wanaita PBF, maana yake kulipa kituo kufuata kazi yenye kilifanya. Kivu ya Kusini ilianza kuijua katika miaka ya 2000 pamoja na shirika Cordaid, kisha mradi PDSS wa Benki ya Dunia ukaipeleka katika majimbo mengi. Pale wanalipa hesabu ya matendo, na wanaongeza ao wanapunguza kufuata nota ya ubora ya kila miezi 3. Kuna kitu kimoja kizuri ndani yake: mashirika madogo ya mitaa wanapewa liste ya wagonjwa, wanaenda nyumba kwa nyumba kuhakikisha kama mugonjwa yupo kweli, kama alifika kituoni kweli, na kama alitunzwa muzuri.

Njia ya tatu ni mituweli yenyewe. Kuna dokta mushauri mwenye anapitia fakture: huyu ni memba wetu? Dawa hii iko kwenye liste? Bei ni ile tulipatana? Kisha mwisho wa mwaka, kwenye mukutano mukubwa, wanasoma raporo: memba wapya wangapi, mchango gani uliingia, pesa gani ilitoka. Ile ni raporo ya kasha. Hapana raporo ya matunzo.

Kila njia ina faida yake. Lakini angalieni muzuri: ya kwanza inahesabu miguu yenye kuingia. Ya pili inaangalia sana vyombo na makaratasi. Ya tatu inaangalia pesa. Ni nani anahesabu namna mugonjwa alitoka? Ni nani anaandika alingojea saa ngapi, alilipa nini nje ya karatasi yake ya memba, na kama walimuelezea ugonjwa wake ao walimufokea tu?

MILANGO IMEJAA, NA WAMAMA WANAKUFA

Wakubwa wetu wanapenda kusema shida ya Congo ni watu hawaendi ku hopitali. Eti wamama wanazalia nyumbani, eti ni desturi, eti ni ujinga.

Basi tusome hesabu za serikali yenyewe. Uchunguzi mukubwa wa afya ya wakaaji, EDS ya 2013-2014, ulionyesha kama watoto 80 kwa 100 walizaliwa ndani ya kituo cha afya. Themanini kwa mia! Na uchunguzi ule ule ulisema wamama 846 walikuwa wanakufa kwa kila watoto 100.000 wenye wanazaliwa wazima. Soma tena mistari ile miwili. Wamama walitii. Walitembea, walipanda moto, walikopa franka, walifika. Na walikufa bado. Kama mulango umejaa na kifo kinabakia, shida haiko mulangoni. Iko ndani.

Na hapana sisi tu tunasema vile. Mwaka 2018, tume ya wasomi ya gazeti Lancet ilihesabu kama katika inchi maskini na zile za kati, watu karibu milioni 5 kila mwaka wanakufa wakiwa wameisha kufika kwa waganga, ju matunzo yalikuwa mabaya. Wale wenye wanakufa ju hawakufika kabisa walikuwa milioni 3,6. Maana yake matunzo mabaya inaua zaidi kuliko kukosa matunzo.

Na kutoka damu nyuma ya kuzala, kile kitu karibu kimuue yaya, njo sababu ya kwanza yenye kuua wazazi katika dunia. Sindano ya oksitosini yenye inaizuia ni ya bei ndogo, ila inaomba baridi, digri 2 mpaka 8. Bila friji yenye kutembea, sindano inapoteza nguvu. Basi friji ni uzima wa mama. Kama raporo inauliza "friji iko?" na jibu ni "iko", tumepata pwenti. Kama raporo inauliza "friji ilizimika siku ngapi mwezi huu?", pale tumepata ukweli.

KWA NINI HESABU ZINADANGANYA

Tunaona sababu 4.

Moja: mwenye kujaza fishi njo mwenye kulipwa kufuata fishi. Weka mutu yeyote pale, hata mutakatifu, mwenye hajapata mushahara toka miezi mingi, umwambie primi yake inategemea hesabu atakayoandika. Utashangaa nini kama hesabu inanona?

Mbili: siku ya ukaguzi inajulikana. Siku ile kunafagiliwa, makoti meupe yanafuliwa, sabuni inatoka ku kabati. Kesho yake sabuni inarudi ku kabati. Nota inapima ile siku moja, lakini mugonjwa hachagui siku ya kugonjwa.

Tatu: wanahesabu tendo, hawahesabu matokeo. Mimba kupimwa mara 4 inahesabiwa mara 4, hata kama presha ya mama haikupimwa hata mara moja ju mashini imeharibika.

Nne: mutu mwenye hakufika hahesabiwi kabisa. Memba mwenye aliogopa kurudi ju walimutukana, mwenye alikufa ndani ya nyumba, mwenye alienda kwa munganga wa majani ju mituweli ilimuchelewesha, yule hana fakture. Na mwenye hana fakture, kwa mituweli ni kama hakuwa mugonjwa.

Tena tusidanganyike kama pesa ya primi peke yake inatosha. Katika Haut-Katanga walijaribu: vituo vingine vililipwa kufuata hesabu ya matendo, vingine vilipewa pesa yenye haibadiliki. Waganga wa vile vya kwanza walijikaza kuvuta wagonjwa, hata bei walishusha. Wagonjwa hawakuongezeka. Ju gani? Ju watu si samaki wenye kuvutwa na ndoana. Watu wanaangalia kama wenye waliingia mbele yao walitoka wazima.

SASA MITUWELI ZINAKUWA KUBWA, NA SHIMO LINAKUWA KUBWA

Kuna wenye watasema: muache, mambo ya mituweli ni mapya, mutoe muda. Hapana. Congo ilijua mambo haya mbele ya inchi nyingi. Bwamanda, ku Équateur ya zamani, ilianza asiransi ya hopitali katika mwaka 1986. Wakaaji wa Bukavu na wa Butembo wanajua mituweli za parokia na za mashirika toka zamani. Walimu wanakatwa ku mushahara kwa ajili ya mituweli yao. Hatuko watoto katika mambo haya.

Na sasa serikali yenyewe imeingia. Sheria ya afya ya watu wote ya mwezi wa 12 mwaka 2018 ilibadilishwa mwezi wa 3 mwaka 2023 ili kuweka njia ya CSU, matunzo kwa wote. Mwezi wa 9 mwaka 2023 Raisi alizindua kuzala bure Kinshasa, kisha majimbo mengine yakafuata. Kuna mufuko wa mushikamano wa afya wenye unalipa vituo, kuna mamlaka ya kusimamia na kukagua CSU. Tunapongeza wazo. Mama kuzala bila kuuza mbuzi, ni haki. Kifungu cha 47 cha Katiba kinasema haki ya afya inalindwa.

Lakini tunasikia wakubwa wakisifu kwa hesabu gani? "Wamama wangapi walizala bure." Tena ile hesabu ya mulango! Kuzala bure na kuzala muzima ni vitu viwili. Bure yenye inatuma shemeji ku farmasi saa nane ya usiku, ile si bure. Na mituweli yenye inajua kila franka ya fakture lakini haijui kama memba wake alikufa ao aliishi, ile ni duka la karatasi.

WANATUJIBU NINI?

Wanasema: "Mukitangaza nota, mutavunja waganga moyo." Tunajibu: waganga wanavunjika moyo toka zamani, ju wanafanya kazi na mikono mitupu na raporo inasema yote iko sawa. Nota ya kweli inamulinda muganga. Ingesema: usiku ule friji ilikuwa imekufa, muganga alikuwa mumoja kwa wamama 5, na zoni iliambiwa. Pale mutu wa kujibu hapatikani ku salle ya kuzalisha, anapatikana ku biro yenye kiyoyozi.

Wanasema: "Watu wa mutaa hawatafahamu zile hesabu." Ajabu! Mama wa soko anajua bei ya maharagi ku masoko 4, anajua dolari imepanda leo ao imeshuka, halafu hatafahamu "dawa ya malaria ya watoto ilikosekana siku 11"? Anafahamu muzuri. Njo kile wanaogopa.

Wanasema: "Watu watakimbia vituo vyenye nota mbaya." Watu wanakimbia tayari, na wanakimbia na uvumi. Afazali wakimbie na ukweli, ju ukweli unaweza kutengenezwa. Na penye kituo ni kimoja tu kwa kilometre nyingi, nota mbaya isiwe sababu ya kunyima kituo pesa. Iwe sababu ya kupeleka friji. Kupunguzia primi kituo maskini ju ni maskini, ni kupiga mugonjwa ju anagonjwa.

Wanasema: "Ni mambo ya inchi tajiri." Kweli, Marekani kuna shirika NCQA, la toka 1990, lenye linapima asiransi za afya kwa kipimo kinaitwa HEDIS. Hawaulizi asiransi ililipa fakture ngapi. Wanauliza: kati ya memba wako wote wenye presha, wangapi presha yao imeshuka kweli? Wamama wangapi walionekana na muganga nyuma ya kuzala? Na wagonjwa wenyewe wanaulizwa. Kwa asiransi za wazee zenye serikali inalipia, kuna nyota, toka 1 mpaka 5, na muzee anaziona mbele ya kuchagua. Kule si paradiso: asiransi zinajifunza kukimbilia nyota na kuacha yasiyohesabiwa. Lakini kanuni yenyewe haiombi utajiri. Inaomba mambo 2 tu: mwenye kukusanya mchango ajibu kwa ajili ya memba wake wote, si kwa wenye fakture peke yao, na jibu litolewe mbele ya watu. Karatasi na msumari wa kuibandika ku ukuta, vile tuko navyo.

TUNADAI

Kwa mituweli zote, za parokia, za walimu, za mashirika, na kwa wenye kusimamia CSU:

1. Kila miezi 3, nota ya kila kituo ibandikwe ku mulango wa kituo, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, na kando yake siku dawa za lazima zilikosekana: oksitosini, dawa ya malaria kali ya watoto, damu.

2. Mituweli itoe kila mwaka raporo ya matunzo, kando na raporo ya kasha: memba wangapi walikufa na ju gani, wangapi walilipa nje ya karatasi yao, wangapi walikataliwa kutoka ju ya deni. Isomwe kwenye mukutano mukubwa mbele ya kupiga kura ya mchango mupya.

3. Wagonjwa waulizwe nyumbani kwao, mbali na kituo, na watu wenye hawalipwi na kituo. Njia ya mashirika ya mitaa iko tayari. Isikufe wakati mradi unaisha.

4. Ukaguzi ufike bila kutangazwa, na sana sana usiku. Wamama wanazala usiku pia.

5. Kila kifo cha mama kizungumzwe ndani ya zoni, na familia iambiwe sababu na kile kimebadilishwa. Si kutafuta muganga wa kufunga. Ni kutafuta shimo la kuziba.

6. Hakuna mugonjwa kufungwa hopitali ju ya deni. Mituweli na kituo wagombane wao wenyewe juu ya fakture. Mama arudi nyumbani.

7. Waganga walipwe mushahara. Nota bila mushahara ni kuchekelea watu.

NA SISI WENYEWE?

Wandugu, hatutangojea Kinshasa peke yake. Kila eneo la afya liko na kamati, CODESA, yenye inapashwa kusemea wakaaji. Juma hili, nenda kwa mwenyekiti wa CODESA ya kwenu, umuulize kwa heshima: "Papa, nota ya kituo chetu ya miezi 3 ilikuwa ngapi? Tulipoteza pwenti wapi?" Kama anajua, aandike tubandike. Kama hajui, muende naye pamoja ku kituo muulize. Ukienda hopitali, andika ku simu yako saa ulifika, saa ulionekana, kile ulilipa na kile ulitumwa kununua. Usimutukane muganga, usipige kelele ku salle. Andika tu. Memba wa mituweli, mwenye kulipa mchango ana haki ya kuuliza. Ukifika ku mukutano mukubwa, simama.

Yaya yuko muzima leo. Mutoto ameanza kutembea, anashika ukuta. Mwaka huu mituweli ilituma mutu kukusanya mchango, na yaya alimuuliza swali moja: "Ile friji, muliitengeneza?" Kijana wa watu alifungua daftari yake, akatafuta, akafunga. Swali halikuwa na kisanduku chake.

Basi tunadai kisanduku kile. Mpaka kiandikwe, tutauliza ku mulango wa kila kituo, kwa amani, bila kuchoka, na bila kuogopa.

Pesa ni yetu. Mwili ni wetu. Mutuonyeshe nota.